Pipa Refu la Oili Chafu

Tabia mwanangu,

Nnakwenda madukani Mlandege. Gari ya Bi Bashira iache juu ya lifti, usiiguse. Mkono ulioungua upake mshubiri tena. Uji umo jikoni. Nimepika mimi, kwa hiyo usitegemee makubwa.

Asubuhi uliposema, "Baba, labda hii kazi si yangu," nilicheka. Nilicheka kwa sababu niliogopa. Mimi nimeunguzwa na oili tangu ujana, nikadhani ndiyo kazi yenyewe. Kumbe tatizo ni beseni letu la sakafuni: oili ya moto inaanguka kutoka juu, inakurukia.

~~Ntanunua beseni pana zaidi.~~

Ntanunua pipa refu ulilolitaka, lenye faneli inayopanda mpaka chini ya injini. Na gari tutaziinua kwa kimo chako. Mimi ntainama.

Baba'ko mkaidi