Mpira Mwepesi wa Kuoshea Teksi

Jumatatu, 4 Machi 1957

Mgongo tena. Nimeburuta ule mpira mweusi wa maji kutoka bombani hadi teksi ya tatu, kiuno kikakamaa, nikabaki nimeinama kama natafuta sindano. Madereva wakacheka. Bwana Sadalla, mwenye teksi, alikuwa dirishani. Hakucheka. Hapo ndipo niliposhtuka! Tajiri asipocheka, ujue anawaza.

Jioni akaniita. Eti nikachague mpira mwingine — mwepesi, unaokunjika, unaotundikika ukutani. Atalipa yeye. Kwa nini? Mwosha magari mwenye mgongo mbovu, si rahisi kumfukuza kuliko kumnunulia mpira? Kuna kitu hapa.

Na Eliasi, ninayeosha naye, kadakia: "Nitakusindikiza, Mla-ndizi, wasije wakakuuzia nyoka." Yeye Mpare, mimi Mchagga. Ni watani, ana ruhusa ya kuniita atakavyo. Lakini kunisindikiza? Huyu hajawahi kutembea bure.

Jumatano, 6 Machi — ya Majivu

Kutoka kanisani moja kwa moja Kariakoo, dukani kwa Zahoro, majivu bado usoni. Eliasi nyuma. Zahoro akatoa mipira mitatu. Wa kwanza mweusi, ndugu wa ule ule. Wa pili wa turubai, mwepesi — ukiwa mkavu! Nikamwambia auloweshe niuinue. Akagoma. Enhe! Wa tatu wa plastiki, wa kijani, eti ndiyo kwanza umeshushwa. Nikaunusa. Nikaukunja nione kama utapata ufa. Nikauma ncha. Zahoro akaniuliza nanunua mpira au muwa.

Mwepesi mno. Nimeuinua kwa kidole kimoja, na huo ndio wasiwasi wangu: ukibebeka na mimi, unabebeka na mwizi. Ule mweusi umelala uani miaka, hakuna aliyeutaka.

Eliasi akasema nichukue wa kijani, utaenea hata chini ya kitanda. Kitanda changu kakijulia wapi? Nikauchukua hivyo hivyo, kwa ajili ya mgongo.

Bwana Sadalla kautazama, kasema geti la uani halifungiki vizuri, kwa hiyo mpira nilale nao chumbani. Ukipotea hataki hadithi. Atakayesababisha aondoke.

Alhamisi, 7 Machi

Teksi zote zimeng'aa kabla ya jua kali! Mpira ukiuvuta kidogo tu unakuja. Unajikunja pale kwenye kona ya ukuta, maji yanakatika, lakini ukiutikisa unaachia. Mgongo kimya.

Ila Eliasi. Kanikataza kushika ndoo ya sabuni hata moja. Magurudumu yote kapiga magoti yeye. "Tulia na nyoka wako, Mla-ndizi." Wema wote huu wa nini? Nimewaza hadi nimepata: anataka Bwana Sadalla aone kwamba ndoo siziwezi. Ananizika mchana kweupe!

Mpira nimeutundika juu ya kitanda. Mke wangu Candida analalamika chumba kinanuka duka.

Ijumaa, 8 Machi

Mpira haupo!

Adhuhuri niliurudisha nyumbani, nikautundika, nikaenda kutafuta dawa ya kuchua. Kurudi — Candida keshaondoka kwenda Magomeni kwa dada yake aliyejifungua, kama alivyoaga, na msumari mtupu. Si mtupu. Una ndizi moja mbichi, imefungwa kwa kamba.

Eliasi! Alama hii naijua. Mtani akikuona na kitu kipya anakinyakua, anakuachia kichekesho, nawe unakifuata kwake na chai na maandazi, unakikomboa, mnacheka, yamekwisha. Lakini mimi si mtoto. Mwizi akitaka kichaka, kipo kizuri kuliko utani? Na kesho Jumamosi, yeye Msabato, hatii mguu kazini. Siku nzima ya kuuza mpira. Kapanga huyu!

Siendi kwake. Nikienda na maandazi nitakuwa nimekubali kuwa ni utani.

Jumamosi, 9 Machi

Bwana Sadalla kauliza mpira uko wapi. Macho yake yalikuwa mgongoni kwangu, niliyaona. Nikasema Eliasi kauchukua chumbani kwangu, mimi sipo. Kweli tupu.

Ndizi sikuitaja. Mtu wa Tanga yule, utani wetu wa mlimani ataujulia wapi?

Ndizi nimeichoma, nimeila.

Jumapili, 10 Machi

Nilikuwa misani. Kanisimulia Bushiri, dereva. Eliasi kaingia uani na mpira begani, anaimba! Anauliza, "Mla-ndizi yuko wapi? Nimemngoja tangu juzi, hata chai yake itakuwa imepoa." Bwana Sadalla kashuka, kauchukua mpira, kamwambia hapa si mahali pa wezi, asirudi. Eliasi akauliza, nani kasema mimi mwizi? Akatajiwa. Basi akatoka zake. Mpare — watu tunaowacheka kwamba watauza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku — hakujitetea hata kidogo! Labda ana hatia.

Labda.

Jioni Candida karudi. Hata kanga hajavua, anauliza: "Kwa mtani umeshakomboa? Mpira nilimtungulia mimi. Na ndizi niliifunga mimi, tulicheka mpaka machozi." Nikamwambia yaliyotokea. Akakaa chini. Akasema Eliasi ndiye aliyemwomba Sadalla aninunulie mpira mwepesi, tangu mwezi uliopita. Nikauliza mbona sikuambiwa. Akasema, "Ungeamini?"

Naona aibu. Naona aibu sana.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika uani na birika la chai na maandazi, nikayapanga juu ya boneti. Nilijua Eliasi atakuja kuchukua viatu vyake vya mpira. Akaja. Nikapaza sauti: "Njoo unywe, Mla-makande we, nimekuja kukomboa!"

Akasimama. Akavua kofia. "Hujambo, Bwana Severine. Asante, nimeshakunywa."

Bwana! Tangu tujuane hajawahi kuniita bwana. Nikamtukana tena. Nikataja makande, nikataja kesi ya kuku, nikataja shangazi zake wote. Akaitikia "ndiyo, bwana," kwa adabu zote, akachukua viatu akaenda zake. Sijawahi kutukanwa namna ile.

Ndoo nimebeba mwenyewe. Mpira ni mwepesi, kweli. Ndoo si nyepesi. Magurudumu ya teksi ya tatu nimeyaacha na tope, siwezi kuchuchumaa. Bwana Sadalla kaniambia nitafute mwenzangu mwingine, ila awe mwaminifu. Nikasema ndiyo.

Nikimweleza habari ya ndizi, nitakayeondoka ni mimi. Alishasema. Na mgongo huu nani atanichukua?

Nimerudi nyumbani, Candida kaja kaniwekea viatu mbele yangu. Anasema Sadalla hafungi ofisi kabla ya magharibi. Hasemi zaidi. Amesimama mlangoni, hanipishi, wala hanisaidii.

Kuinama ni shida. Nimevaa kimoja.