Mistari Niliyoiruka Langoni

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimerudi kutoka Buhongwa na viatu vimejaa tope, nimeketi bila hata kuvivua. Nina aibu, na leo sitaki kuizungukazunguka.

Miaka ya tisini, mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, nilikuwa karani wa utumishi kwenye kiwanda kimoja cha mafuta ya pamba kule Nyakato. Mwenye kiwanda mpya alitaka wafanyakazi wote wawe vibarua wa kutwa. Wakagoma. Wakakaa langoni, wanawake kwa wanaume, malori ya mbegu yakakosa pa kupita. Aliyewaongoza alikuwa Mama Pendo, mwanamke wa Ukerewe mwenye sauti ya chini, lakini akisema watu wote wananyamaza.

Mimi sikugoma. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na meneja alikuwa ameniahidi kwamba ajira yangu haitaguswa.

Siku ya tano ikaletwa amri ya mahakama, kwa Kiingereza. Meneja akaniita ofisini.

"Kawasomee kwa Kiswahili. Waambie mahakama imesema waondoke, basi. Hayo mengine ni ya mawakili."

Nilikuwa nimeshaisoma. Haikusema waondoke. Iliwakataza kuziba lango na kuwatisha wanaoingia. Ng'ambo ya barabara wangeweza kusimama hata mwezi mzima. Tena lilikuwa zuio la muda tu. Chini kabisa iliandikwa siku ya wao kufika mahakamani kueleza upande wao.

Nikatoka, nikasimama juu ya kreti. Nikawaambia mahakama imewaamuru watawanyike, na atakayebaki atafungwa. Ile siku ya kufika mahakamani sikuitaja.

Mama Pendo akanitazama. "Mdogo wangu, ndiyo yote yaliyoandikwa humo?"

"Ndiyo yote, dada."

Nilimwita dada.

Akawageukia wenzake, akawaomba waondoke kwa amani, mtu asirushe hata jiwe. Wakamsikiliza. Mimi nikarudi ndani na karatasi yangu. Siku ya shauri ilipofika, upande wao hakutokea mtu. Zuio likawa la kudumu, nao wakahesabiwa kuwa wametoroka kazi. Mimi nilibaki na meza yangu mpaka kiwanda kilipofungwa.

Jumapili, baada ya ibada, nilisikia Mama Pendo anaumwa miguu, hatoki tena nyumbani kwake Buhongwa. Ndiyo maana leo nimekwenda.

Nimemkuta barazani anachambua choroko. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamweleza yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Mikono yake haikusimama.

"Najua," akasema.

Kumbe wiki chache baada ya mgomo alikwenda mahakamani kuuliza watasikilizwa lini. Wakafungua jalada, wakamwambia siku yao imepita, na kwamba ilikuwa imeandikwa kwenye amri ile ile waliyosomewa.

"Mbona hukuwaambia wenzako?"

"Wangekuja kwako usiku, na mkeo alikuwa anakaribia kujifungua. Ningewazuiaje?"



Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Wenzake walimlaumu yeye, kwa kuwa ndiye aliyewaambia waondoke. Wakasema alihongwa na mwenye kiwanda. Wengine waliacha kumsalimia sokoni. Kwenye msiba wa mumewe walikuja wachache mno, chakula kilichopikwa kikabaki.

Miaka yote hii nilijiona ndimi niliyebeba siri nzito. Nilikuwa naionea fahari kidogo hata huzuni yangu, nakiri. Kumbe aliyeibeba ni yeye, na mimi nilikuwa nalala.

Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza kwa upole.

"Mimi nimekusikia, mdogo wangu. Lakini sasa nimezeeka. Nataka wajue kwamba sikula kitu cha mtu."

Wengi wameshafariki. Amenitajia waliobaki: mmoja yuko kule kule Nyakato, wawili walirudi Sengerema kulima. Nimeuliza njia, nimeuliza hata majina ya watoto wao ili nisipotee. Mke wangu ameuliza nakwenda kufanya nini huko na mvua hii, nikamwambia. Naye alikuwa hajui.

Kesho navuka ziwa kwenda Sengerema, kabla sijajipatia sababu ya kutokwenda.