Kijiko cha Marehemu

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumai kifua kimeacha kukusumbua na unalala vizuri. Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho kimevurugika. Ningepiga simu, lakini haya ya leo ukinijibu kwa kucheka sitajua unacheka nini. Mwambie dada akusomee polepole.

Bado niko huku Kaliua, kwa Mama Shija, yule mjane aliyenichukua niendeshe trekta lao. Trekta lenyewe kuukuu, limenizidi umri. Mbele marehemu mumewe alilifunga kijiko kwa mikono yake, ile ndoo kubwa ya chuma yenye mikono miwili, apakie mchanga na kuni za kukaushia tumbaku. Sasa mawingu yamejaa, na trekta lenye kijiko likiingia shamba bichi linazama pua. Ilibidi kitoke, maana tusipolima msimu huu, Mama Shija hana kingine cha kulishia watoto.

Cha ajabu, hakuna aliyetaka kukigusa. Mwanawe mkubwa, Shija, anajua spana kuliko mimi, lakini kila nikimwambia ananijibu, "Hiyo kazi yako, Mzigua. Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani, wakapita kwenu mmekaa tu mnawatazama. Leo beba wewe." Nikadhani ni ule utani wa kila siku wa Wanyamwezi na sisi Wazigua, maana hawa hata uji wangu wanaunywa halafu wananitaka niwashukuru. Kumbe sivyo. Au ndivyo, hata sasa sijui.

Jumamosi nikaanza. Nikashusha kijiko mpaka chini, nikaegemeza mikono yake kwenye magogo, nikazima injini, nikasukuma gia ya kukiinulia huku na huku ili oili ipungue nguvu, ndipo nikafungua mipira inayopitisha hiyo oili. Ukoo mzima ulikuja ukakaa kwenye mikeka kana kwamba tuko matangani. Nami, kama ulivyonilea, nikainamisha kichwa, nikafanya kazi kimya, nikisema pole kwa kila aliyepita. Zikabaki pini mbili zinazokishika kwenye trekta. Ya kulia ikatoka. Ya kushoto ikagoma. Niliimwagia dizeli, nikaigonga, wapi. Na kadiri nilivyonyamaza ndivyo nyuso zao zilivyozidi kununa, mpaka Mama Shija akaanza kulia. Niliogopa, nikadhani nimevunja kitu.

Dada wa marehemu, bibi mkavu mwenye fimbo, akanijia.

"Wewe mtani wa namna gani? Leo tunaagana na ndugu yetu, tumekuita umtukane, umenyamaza kama mkwe."

"Nimtukane marehemu, bibi?"

"Sasa nani amtukane kama si mtani? Sisi wenzio tunamlilia."

Nikaitazama ile pini, nikasema kwa sauti ya chini, "Mzee huyu alikuwa bahili. Hata kutu kaibana asije akaifaidi mtu mwingine."

Mama Shija akacheka huku machozi yanamtoka, akasema ni kweli, hata chumvi alikuwa akiifungia sandukuni. Hapo nikapata moyo, kila nyundo na tusi lake. Watu wakacheka mpaka Shija mwenyewe akainuka akaja kushika upande wa pili, na pini ikatoka. Nikarudisha trekta nyuma taratibu, kijiko kikabaki peke yake uani.

Kulima tunalima tangu juzi, na usukani umekuwa mwepesi. Ila sasa wanasema kijiko ni changu, mtani hatoki msibani mikono mitupu, na nikikataa nimewadharau. Mimi mtu wa chumba kimoja, nikiweke wapi? Tena mchana nacheka nao, jioni najiona nimemkosea marehemu wa watu.

Ndipo nikamkumbuka yule mzee Mnyamwezi aliyekuja kwetu Handeni kukata mkonge akabaki. Siku ya matanga ya baba alijilaza kwenye kitanda cha baba, akavaa koti lake, akaagiza chai. Wewe ulicheka, Mama. Sikuelewa, na sikukuuliza. Nakuuliza leo: kile kicheko kilikusaidia?

Nisalimie dada anayekusomea, mjomba wa kisimani, na shangazi wa vitumbua. Na yule mzee, kama bado yuko hai, mtukane kidogo kwa niaba yangu, kisha muulize kama lile koti bado analivaa.

Ni mimi mwanao,
Athumani