Makayabu mu Valise

Papa Kabeya,

Minaenda kazi. Sombe iko mu frigo, utie ku moto mbele ya kula.

Asubuhi nilikucheka sana juu ulipanga tulale mu bus kila usiku ya safari yetu, Paris, Cologne, Amsterdam, ili tusilipe hoteli. Ukakasirika, ukaenda bila chai. Bon. Nikapigia dada yangu Mauwa wa Paris, naye akapigia jamaa yote. Sasa tuko na kitanda kila muji! Lakini kila nyumba inaomba makayabu, ile samaki ya chumvi ya soko yetu ya Matonge, na kwa watu hatufike mikono mitupu. Donc nimenunua.

~~Nguo zako nimezipanga mu valise.~~ Hapana, samaki imejaza yote. Utavaa mashati yako tatu pamoja.

Tutanuka Ulaya muzima, chéri, lakini tutalala.

Bibi yako