Bamba Nililolitoa Kwenye Begi la Tabitha

Mpendwa Shangazi Philippa,

Nasoma safu yako gazetini kila wiki, na leo naomba unisaidie kwa sababu nimefanya jambo na sasa linakula nyumba ya mwanangu, na hapa Hattersby sina wa kumwambia maana wote wananiona mtu wa maana.

Mimi ni mpishi wa shule, masomo niliyaacha mapema kwa hiyo utanivumilia mwandiko, lakini mwanangu Hazel ni mwalimu wa fizikia, wa kwanza mtaani kwetu kuvaa joho la chuo kikuu, picha yake iko juu ya televisheni na hata yule anayekuja kusoma mita ya gesi nimemwonyesha. Aliolewa na Mmarekani, Travis, kijana mpole ajabu, wanaishi Kansas na binti yao Tabitha ambaye ana miaka sita na anasoma vitabu vya watoto wa miaka tisa, na hilo sijisifu, walimu wenyewe wamelisema.

Kiangazi hiki walikuja kunitembelea, wakamleta na mama yake Travis, Darlene, mjane kama mimi, mwenye kucheka kwa sauti na kumwita kila mtu mpenzi hata kondakta wa basi. Mwanzoni tulipatana vizuri tu, tukikaa kuangalia taarifa ya habari akisema, "Maskini Beryl, watoto wenu wanachomana visu hivi hivi barabarani, na Jumamosi watu wazima wanatapika vituo vya basi, mnaishije?" na mimi namjibu, "Tunaishi vizuri mpenzi, huku hospitali ni bure, mtu akivunjika mguu hamkimbii dereva wa gari la wagonjwa kwa kuogopa bili," tunacheka, namwongezea chai.

Kisha siku moja mleta vifurushi akagonga mlango kwa nguvu, unajua wanavyogonga, na nilipokwisha kupokea kifurushi nikamtafuta Tabitha nisimwone. Nikamkuta kwenye kabati la chini ya ngazi, gizani, amelikumbatia begi lake la shule kifuani. Nikamuuliza, "Tunacheza kombolela, kipenzi?" Akaninong'oneza, "Bibi, usiongee. Atatusikia."

Shangazi, nilimtoa mle kabatini nimembeba. Nikamuuliza Darlene, naye akanieleza bila wasiwasi wowote, kana kwamba anaeleza koti la mvua, kwamba shuleni kwao wanafanya mazoezi ya kujificha mtu mwenye bunduki akiingia, na begi lile alilinunua yeye, zawadi ya darasa jipya, ndani limeshonewa bamba la kuzuia risasi. "Wanauza hata ya rangi ya waridi," akasema.

Nilinyamaza mpaka Jumapili. Nilikuwa nimeoka nyama, na vile vikate vyangu vya mayai ambavyo mtaa mzima unajua hakuna anayeniweza, na tukiwa mezani nikasema, ati naongea na viazi, kwamba nchi inayomvisha mtoto chuma badala ya kuwanyang'anya watu bunduki si nchi, ni wendawazimu. Darlene akaweka uma chini. Akasema, "Na nchi inayomwacha mtu akafia kwenye kiti cha hospitali akisubiri jina lake, hiyo ni nini, Beryl?"

Alikuwa anamsema Norman, marehemu mume wangu. Majira ya baridi yaliyopita kifua kilimbana, nikampeleka, akakaa pale akisubiri, na muuguzi alipopita kumuuliza hali akajibu, "Si haba, sista, waangalie kwanza wenye shida." Akampisha mama mwenye mtoto, akampisha mzee mmoja. Norman ndivyo alivyokuwa, hakupenda kusumbua watu. Na mimi nilikuwa karibu yake nikimwona anavyogeuka rangi, nikanyamaza kwa sababu kila mtu pale alikuwa amenyamaza. Alikufa ameshika kofia yake.

"Kwetu angepiga kelele akaonwa na daktari," Darlene akasema. "Nyinyi mnakufa kwa adabu." Hazel akasema, "Basi, jamani, basi," akaingia jikoni, nikamsikia analia huku amefungua bomba tusimsikie.

Siku ya kuondoka, wakati wanapakia mizigo garini, nikalichukua begi la Tabitha, nikafumua mshono wa ndani kwa mkasi wangu, nikalitoa lile bamba, nikashona tena vizuri, mshono wangu hauonekani. Bamba nikalificha bandani. Nilijiambia mjukuu wangu hatabeba ujinga wa Darlene mgongoni.

Walipofika kwao, zoezi la kwanza tu shuleni, mtoto akalishika begi akalisikia jepesi. Alilia mpaka wakampigia mama yake aje kumchukua. Hazel akanipigia simu, "Mama, wewe ndiye uliyelitoa?" nikasema mimi sijui, labda watu wa uwanja wa ndege. Akaniamini, mimi mama yake. Darlene amenunua begi jingine, lakini Tabitha analifungua kila asubuhi na darasani tena na tena, anapapasa, anasema bamba hili nalo linaweza kutoka. Hali wala halali.

Sasa Hazel anataka kurudi nyumbani na mtoto. Travis anasema hawezi kumwacha mama yake peke yake, na wanaongea mambo ya kutengana. Jana Hazel alinambia, "Mama, niandalie chumba," na Mungu anisamehe, nilifurahi, nikaenda kununua mapazia. Kisha nikakaa nayo mapajani, nikashindwa kuyatundika.

Nikisema ukweli nitampoteza. Nikinyamaza watakuja kuishi na mimi, na huku hakuna wa kuwapiga risasi. Je, si heri ninyamaze?

Wako mwenye huzuni,
Beryl, Hattersby


Mpendwa Beryl,

Pole kwa Norman. Naanza na yeye kwa sababu wewe umempitisha katikati ya barua haraka haraka, kati ya nyama na mkasi, na nadhani yeye ndiye barua yenyewe.

Darlene alikuumiza, na alisema kitu ambacho mgeni mezani hasemi. Lakini hakusema uongo, na ndiyo maana hujalala tangu siku ile. Wewe pia hukusema uongo. Mmekaa, wajane wawili, kila mmoja anaona wazi kabisa balaa la mwenzake na kuliita ujinga, halafu la kwake analiita bahati mbaya. Darlene amezoea kununua bamba. Wewe umezoea kungoja ukiwa umenyamaza. Yeye angalau alinunua kwa kumpenda mtoto yule yule unayempenda wewe.

Hasira uliyomtolea yeye ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si Darlene. Hukumfokea muuguzi, hukumfokea daktari, na naweza kuapa mpaka leo hujapeleka malalamiko hospitalini, kwa sababu kulalamika ni aibu. Kalalamike. Nenda mwenyewe, uvae vizuri, ukae pale mpaka mtu mkubwa akusikilize namna mumeo alivyokufa. Utatetemeka. Tetemeka hivyo hivyo, lakini usiondoke.

Sasa hilo la kunyamaza. Hapana, Beryl, na unajua ni hapana, ndiyo maana mapazia hayajapanda. Bunduki zipo na hofu ya mwanao ni ya haki. Akitaka kurudi kwa ajili ya bunduki, huo ni uamuzi wake na mumewe, waufanye macho yakiwa wazi. Lakini hivi sasa anavunja ndoa yake kwa hofu ambayo nusu yake umeishona wewe. Hukumzaa Hazel ili awe ushindi wako dhidi ya Kansas.

Mpigie leo. Usianze na hali ya hewa, usianze na Darlene. Sema, "Ni mimi niliyelitoa, na nilikudanganya." Atakukasirikia, na huenda asikupigie kwa muda mrefu, sitakuambia vinginevyo. Umwombe radhi Darlene naye, bila kuongeza "lakini".

Kisha mwombe Hazel akupe Tabitha kwenye simu. Huyu ndiye asiyeweza kusubiri. Mtoto yule sasa anaamini kwamba kitu cha kumlinda kinaweza kutoweka chenyewe, na duniani ni wewe peke yako unayeweza kumwambia kwamba hakikutoweka. Mwambie ni Bibi aliyekitoa kwa mikono yake, na kwamba yeye alipolisikia begi ni jepesi hakukosea. Jibu kila atakachouliza. Usilie kabla hajamaliza.

Akikata simu, mwache. Kesho piga tena.

Shangazi Philippa