Sahani Niliyompikia Lubunga

Baba Zaina,

Bado nakuita hivyo, maana sijui wafu wanaitwaje. Kanzu yako ya Ijumaa nimempa kaka yako. Kuku mwekundu ametotoa. Mimi naamka, nawasha moto, halafu nakumbuka.

Hapa Kabambare wangali wanaizungumza ile sinema. Lori lilipokuja na kitambaa kikatundikwa kwenye ukuta wa ghala la pamba, walikuita wewe, mutafsiri wa ofisi, na kumbe filamu yenyewe ilikuwa ya lugha ambayo hata Wabelgiji hawakuijua! Hukurudi nyuma. Ukatunga. Hadithi fupi fupi, zote za kisasi: mjane aliyemuuzia mdhulumu wake kabati lililojaa nyuki, mpishi aliyepigwa kofi, akamchemshia bwana wake kiatu mpaka kikalainika kama nyama. Ukasema kwa sauti ya mpishi, "Kofi lako nilikula, Bwana. Sasa kula kiatu chako." Tulicheka tukashikana mabega. Kisha yule bwana ukampa kikohozi cha Bwana Mkubwa wetu, Mbelgiji wa ofisi, kikohozi chenyewe kabisa. Hapo mimi niliacha kucheka.

Lubunga, karani mwenzako, aliyekula kwetu kila sikukuu, ndiye aliyempelekea Bwana Mkubwa neno. Wakakufunga, wakakuchapa fimbo. Na waliponirudishia mwili wako, mgongo... Siwezi kuuandika ule mgongo.

Kwenye arobaini yako alikuja. Akakaa mkekani na wanaume, akaitikia dua. Nilijua atakuja. Nilikuwa nimeanika muhogo mchungu bila kuuloweka, ule tulioonywa tangu utoto kwamba unaua, nikautwanga peke yangu, nikampikia bugali yake mbali na sufuria ya wageni. Nikaiwekea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hata nilitabasamu, Baba Zaina, maana nilikufikiria wewe na kile kiatu.

Akanawa. Akamega. Binti yetu akapita, naye akamwita, "Kuja, mutoto ya ndugu yangu," akamnyooshea lile tonge.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka tonge likiruka, sahani ikipinduka, Zaina akilia kwa sababu nilikuwa nimempiga mkono. Wageni wakasema uchungu umenipanda kichwani. Lubunga akaitazama bugali pale chini, akanitazama mimi, nikaona ameelewa.

"Mama Zaina," akasema polepole, "hata ningejua, ningekula."

Akaanza kulia. Sikumpa hata maji. Sasa amehamia huko Wamaza, na sikumsamehe, usidhani. Lakini ile bugali niliichimbia shimo refu kuku wasiifikie, na nilipokuwa nikifukia, sauti ikanitoka, ile iliyokataa kutoka siku ya kukuzika. Majirani walikuja kuninyanyua. Katika hadithi zako, pale kwenye kitambaa cha sinema, hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyepita karibu na sahani.

Ningetaka uniambie kama ungecheka.

Zaina ananiuliza kwa nini nilimpiga. Namwambia subiri ukue. Nakuahidi, siku hiyo nitamwambia yote: jinsi ulivyokufa, aliyekusema, na nilichopika mimi. Nitamwambia kama habari ya baba yake, si kama kazi aliyoachiwa aimalize.

Lala, mume wangu. Upande wako wa kitanda bado sijaulalia.

Mama Zaina