Walioziba Dohani ya Mama

Jumapili, jioni. Mvua imekatika tangu adhuhuri, joto limebaki palepale, na mimi bado nina hasira. Nimeswali, nimekunywa maji, haijashuka. Basi niandike.

Mama yangu anaishi Mlingotini, katika nyumba waliyoijenga na marehemu baba. Jiko lake lilikuwa la kuni, la matofali, lenye dohani ya kupandisha moshi mpaka juu ya paa. Dohani ilikuwa imechoka. Nusu ya moshi ilirudi ndani, na macho ya mama yalishinda mekundu. Kwa hiyo kaka Kassimu, anayefanya kazi Dar, aliposema anamwekea gesi, nilimshukuru kwa moyo wote.

Kumbe hakuishia kwenye gesi.

Fundi wake alibomoa jiko la matofali, akajenga meza ya vigae na kuweka jiko la gesi juu yake. Kisha akaziba dohani kwa saruji. Matundu ya hewa ukutani nayo akayaziba, eti yanaingiza vumbi. Mama alimwomba aache hata tundu moja.

"Bibi, gesi haina moshi," akamjibu. "Tundu la nini?"

Mama akampigia kaka simu. Kaka akamwambia amwache fundi afanye kazi yake.

Nyumba ni ya nani?

Juzi ilinyesha mvua ya upepo. Mama akafunga mlango na madirisha, akabandika maharage. Jirani yake, Bi Tatu, alikuja kuomba chumvi, akapiga hodi bila kuitikiwa. Aliposukuma mlango alimkuta mama sakafuni, ameegemea ukuta, anamtazama kama mtu asiyemjua. Moto wa jiko ulikuwa wa njano na sufuria imeshika masizi. Bi Tatu akazima jiko, akamburuta mama mpaka uani, mvua ikiwanyeshea wote wawili.

Zahanati walitueleza kwamba moto wa gesi nao unakula hewa, na ukiwaka vibaya ndani ya chumba kilichozibwa unatoa sumu isiyo na harufu. "Angekaa mle kidogo zaidi..." nesi alisema.

Nilimpigia kaka. Nilidhani atalia.

"Mama ni mtu mzima, itakuwa presha," akasema. "Usitafute mchawi. Nimeongea na fundi, anasema wazee huzimia tu."

Huzimia tu.

Mama hana presha. Hajawahi kuwa nayo. Ana mtoto wa kiume ambaye anamwamini fundi kuliko anavyomwamini mama yake.

Leo asubuhi nilikwenda na nyundo na tindo. Nilipanda juu ya ile meza ya vigae, nikapiga ile saruji mpaka mikono ikafanya malengelenge. Nilizibua dohani, nikazibua na matundu yote. Hasira ikanipa nguvu ya kuendelea: nikafungua mpira wa gesi, nikaanza kuuviringisha mtungi kwenda nje.

Mama alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele.

"Unaupeleka wapi huo?"

"Namrudishia mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi." Hakupandisha sauti. "Macho yangu yamepona, mwanangu. Gesi nimeipenda. Nilichokitaka ni tundu la hewa, na mtu wa kunisikiliza. Wewe umeniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

Niliurudisha mtungi ndani. Tumekubaliana jiko lisiwashwe mpaka fundi mwingine aje alikague, na fundi huyo atachaguliwa na mama mwenyewe.

Kesho kaka anakuja. Maneno niliyomwandalia ni mengi na makali, nimeyarudia kichwani tangu juzi. Mama ameyakataza yote. Ya jikoni kwake, amesema, atamwambia mwenyewe. Kazi yangu mimi ni kupika chai na kunyamaza.

Chai nitaiweza.